Msimbo wa Windows na wa Linux ukae wapi ndani ya kompaila?

Ukituletea kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maelekezo ya mashine) inayokwenda vizuri kwenye Linux lakini imekwama kuhamia Windows, kwanza tutatafuta mistari ya `#ifdef _WIN32`, yaani sehemu za msimbo zinazochukuliwa kwenye Windows tu. Ikiwa yote iko kwenye tabaka dogo linalogusa mfumo endeshi, kazi ni nyepesi. Ikiwa imeingia hadi kwenye sehemu inayozalisha maelekezo ya mashine, kazi ni nzito, kwa sababu maswali mawili yamechanganywa: kompaila inaendeshwa wapi, na programu inayoitoa itaendeshwa wapi? GCC, kompaila mashuhuri, huvitenga vitu hivi tangu kwenye kusanidi, kwa `--host` (mwenyeji, yaani mfumo kompaila inakoendeshwa) na `--target` (mlengwa, yaani mfumo programu itakakoendeshwa).

Makro ya `_WIN32` huamuliwa pale kompaila yenyewe inapojengwa, basi hujibu swali la kwanza tu. Ukikaa kwenye Linux ukaiagiza itoe programu ya Windows, litafuatwa tawi la Linux. Hakuna onyo lolote, lakini programu ikiwashwa inaanguka. Sababu ni kwamba kanuni zinatofautiana: kwenye prosesa za x86-64, Linux hupitisha vigezo sita vya kwanza vya namba kamili kwa rejista (nafasi ndogo ndani ya prosesa), kuanzia iitwayo RDI. Windows hupitisha vinne, kuanzia RCX, na hudai nafasi ya baiti 32 kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya fanksheni). Hata `long` ya C ni biti 64 kwenye Linux na biti 32 kwenye Windows.

Kwa hiyo mambo ya mlengwa yawe data, yasiwe `#ifdef`. Soma jina kama `x86_64-pc-windows-msvc`, kisha ujaze muundo mmoja wenye ukubwa wa aina, kanuni za kuita fanksheni, na umbo la faili la objekti (matokeo ya kompaila kabla ya kuunganishwa): ELF ya Linux, COFF ya Windows au Mach-O ya macOS. Msimbo wa walengwa wote ukompailiwe kila mara, popote unapojengea.

Mambo ya mwenyeji yapewe folda moja, tuseme `os/`, yenye `os.h` isiyotaja aina yoyote ya Windows wala ya Unix. Chini yake weka `unix/` na `windows/`, mfumo wa kujengea uchague mojawapo. LLVM, mradi wa zana za kompaila, ina folda za namna hiyo ndani ya `lib/Support`. Folda kamili kwa kila ndugu wa Unix ni kujitafutia kazi ya kunakili. Tofauti zao ni chache, mfano kujua njia ya programu yenyewe: Linux husoma `/proc/self/exe`, macOS huita `_NSGetExecutablePath`.

Wengi huteleza kwenye `os.h` yenyewe. Fanksheni zake zitajwe kwa haja ya kompaila, si kwa wito wa mfumo. Ukiweka `fork` (wito wa Unix wa kuzaa mchakato mpya) humo, umejifunga, kwani Windows haina. Weka "endesha programu hii kwa orodha hii ya vigezo, usubiri". Ndani yake upande wa Windows utaunganisha orodha kuwa mfuatano mmoja na kushughulikia alama za kunukuu. `CreateProcessW` haipokei zaidi ya herufi 32,767, na linka (programu inayounganisha objekti) yenye mafaili mengi hufika huko. Hapo fanksheni iandike vigezo kwenye faili na kumpa linka jina lake likitanguliwa na `@`.

Kuandika faili la matokeo nako kuna mitego. `rename` ya C kwenye Windows haifuti faili lililopo, tumia `MoveFileExW` pamoja na `MOVEFILE_REPLACE_EXISTING`. Fungua kwa `wb`, la sivyo kila baiti 0x0A itatanguliwa na 0x0D na objekti itaharibika. Majina ya njia yabaki UTF-8 ndani yote, yageuzwe UTF-16, usimbaji wa Windows, mlangoni tu.

Usihamishe kila kitu kwa mkupuo. Anza na hati ya ukaguzi (skripti) inayokataa mabadiliko yoyote yenye `_WIN32`, `__APPLE__`, `windows.h` au `unistd.h` nje ya `os/`, huku ukiorodhesha mafaili ya zamani yanayosamehewa, na uipunguze orodha hiyo polepole.

Kipimo tunachokiamini: kompaili chanzo kilekile kwa mlengwa uleule kutoka Linux, macOS na Windows, kisha linganisha objekti baiti kwa baiti. Zikitofautiana, mwenyeji amevuja ndani ya mlengwa. Kabla ya hapo weka sifuri kwenye sehemu ya saa ya kichwa cha COFF, na ondoa njia kamili za folda kwenye taarifa za utatuzi.

Ili tukukadirie kazi, tutumie orodha ya mistari ya `#ifdef` pamoja na mafaili yake, wenyeji unaowahitaji, na walengwa.