Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: tupeni alama za kila swali

Ndugu Afisa Elimu,

Shikamoo.

Yah: Alama za kila swali, mtihani wa utamirifu (mock) wa Hisabati kidato cha nne

Barua niliyoipitisha kwa mkuu wa shule, kama utaratibu unavyotaka, haijajibiwa hadi leo. Ningeendelea kusubiri, lakini kilichotokea kwenye kikao cha tathmini Alhamisi iliyopita hapa Moshi kimenishinda kunyamazia. Walimu wa Hisabati ambao GPA ya somo imepanda kuliko mwaka jana tulisimamishwa mbele ya ukumbi, shule baada ya shule, mkeka, yaani orodha ya matokeo, ukiwa umebandikwa ukutani. (Kwa wasio walimu: GPA ni wastani wa madaraja ya somo, na ikipanda ndiyo mbaya. A ni 1, F ni 5.) Mmoja wetu ni mzee anayekaribia kustaafu, na kati ya waliokaa wakimtazama wamo aliowafundisha yeye. Tukaambiwa kila mmoja aandike barua ya kujieleza.

Yangu ndiyo hii.

Mwaka jana, katika ukumbi huohuo, ulituahidi kwamba matokeo ya mwaka huu hayatalinganishwa na ya mwaka uliopita mpaka ofisi ifanye uchambuzi wa maswali. Walimu tulipiga makofi. Sasa kulinganisha kumefanyika, adhabu zimetoka, na uchambuzi haujaonekana.

Ndugu Afisa, pepa mbili tofauti ni vipimo viwili tofauti. Anayenunua viazi gunia lililofungwa sawasawa mwaka huu na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, mwaka ujao hawezi kusema shamba limepunguza mazao kwa kuhesabu magunia. Chukua swali la 14, lile la kupanga uzalishaji ili faida iwe kubwa kabisa. Mwaka jana mwanafunzi alipewa masharti yameshaandikwa kihisabati. Kazi yake ilikuwa kuchora grafu na kusoma jibu kwenye pembe. Mwaka huu amepewa hadithi ya karibu nusu ukurasa, kwa Kiingereza, kuhusu mwoka mikate, unga wake na saa za tanuri lake, kisha masharti ayaunde mwenyewe. Mada ileile, alama 10 zilezile. Mtoto ambaye pepa ya mwaka jana ingempa 7 hapo, mwaka huu anapata 2. Jumla yake inatoka 33 hadi 28, na kwa kuwa D inaanzia 30, anahesabiwa F. Hajapungukiwa na chochote alichokuwa anakijua. Swali moja limemshusha daraja zima, na mimi limenisimamisha mbele ya ukumbi.

Hili lina hesabu yake, na ni ya zamani. Mwaka 1960 mwanahisabati wa Denmark, Georg Rasch, alichapisha modeli inayotenganisha vitu viwili ambavyo jumla ya alama inavichanganya: uwezo wa mtahiniwa na ugumu wa swali. Vyote viwili vinawekwa kwenye mstari mmoja wa kupimia. Uwezo ukilingana na ugumu, uwezekano wa kulipata swali ni nusu kwa nusu. Uwezo ukizidi ugumu kwa kizio kimoja cha mstari huo, uwezekano unafika kama asilimia 73. Ukipungua kwa kizio kimoja, unashuka hadi asilimia 27. Kwa maswali ya alama nyingi kama yetu modeli hiyo ilipanuliwa baadaye, lakini wazo ni lilelile. Ndani ya pepa moja, jumla inatosha kuwapanga watoto. Kati ya pepa mbili haitoshi, mpaka yawepo maswali ya pamoja yanayoziunganisha, au watahiniwa waliofanya zote mbili.

Wala si mambo ya ng'ambo tu. Watoto wetu wa shule za msingi walipimwa na SACMEQ, muungano wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika unaopima ubora wa elimu, mwaka 2000 na tena 2007, kwa kutumia modeli hii, kwenye skeli ambayo wastani wake uliwekwa 500. Miaka hiyo miwili iliweza kulinganishwa kwa sababu kulikuwa na maswali ya kuiunganisha. Na nani amesahau matokeo ya kidato cha nne ya 2012? Mei 2013 Serikali iliyafuta na kuagiza yachakatwe upya kwa utaratibu wa 2011. Watoto walikuwa walewale na skripti zilezile. Kilichobadilika ni namna ya kugeuza alama kuwa madaraja.

Kwa nini pepa ya mwaka huu ilikuwa ngumu hivi? Nahisi maswali yaliokotwa kwenye mitihani ya shule binafsi zinazochuja wanafunzi, kwa sababu mtindo wa lile swali la mwoka mikate naufahamu. Huenda si hivyo. Ofisi yako inajua.

Mimi nafundisha sekondari ya kata. Mikondo miwili nimeiunganisha chumba kimoja kwa sababu mwalimu mwenzangu alihamishwa na hakuletwa mwingine. Jumamosi nafundisha bila malipo, na wanangu nawaacha kwa jirani. Sasa naambiwa nimezembea, ushahidi ukiwa namba mbili zisizolinganishika, na kuna tetesi za uhamisho. Nimeumia, Ndugu Afisa. Sitaki kuficha hilo.

Nilikuwa na maombi mengi: benki ya maswali, maswali machache ya kiungo yanayofungiwa kabatini ili yatumike tena mwakani, semina kwa watunzi. Pepa ya mwaka jana tayari inauzwa kila steshenari, kwa hiyo kwa kiungo mwaka huu tumechelewa. Hayo nayaacha. Naomba moja tu.

Kwenye kava ya kila skripti kuna jedwali la namba za maswali na alama zake kwa wino mwekundu. Tulisahihisha kila meza na swali lake, kwa hiyo alama hizo zipo, ila kwenye mkeka iliingizwa jumla peke yake. Za shule yangu nimeshazinakili, na safu ya swali la 14 imejaa 0, 1 na 2. Naomba za shule nyingine zote. Kama hata shule zinazoongoza zimeanguka kwenye swali hilohilo, tatizo ni swali, na yule mzee astahili kuombwa radhi mbele ya walewale waliomwona amesimama. Kama wenzetu wamelipata na sisi tu ndio tumelikosa, nitakubali barua yoyote utakayoniandikia.

Tupeni alama za kila swali kabla skripti hazijatawanyika. Mkikosa mtu wa kuziingiza kwenye kompyuta, nitakuja mwenyewe.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa Hisabati, sekondari ya kata, Moshi