Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBS kuhusu vifuniko vya soketi

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania.

Mbukwenyi, hiyo ni salamu ya Kigogo, kutoka Dodoma. Ningeanza na shikamoo, ila nina miaka 63 na huenda wewe ndiye unayepaswa kuniamkia, basi hilo tuliache mpaka siku tutakayoonana. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Nkuhungu, bibi wa wajukuu wanne. Aliyenifanya nishike kalamu ni yule wa mwisho, ana miaka miwili na miezi minane.

Binti yangu alipoanza kumleta kwangu asubuhi kabla ya kwenda kazini, alikuja na pakiti ya vifuniko vya soketi. Vile vya plastiki nyeupe, vina nguzo tatu mfano wa plagi, unavichomeka kwenye soketi isiyotumika ili mtoto asipate pa kuingiza kidole wala msumari. Alivinunua duka moja la vitu vya watoto hapa mjini, sita kwa shilingi elfu saba. Nikamshukuru sana. Nikapita chumba hadi chumba navichomeka, na kwa wiki tatu nilijiona bibi makini kuliko wote Nkuhungu.

Siku yenyewe nilikuwa uani nasonga ugali, mlenda upo jikoni. Nyumba ikanyamaza. Kila aliyelea anaujua ukimya ule, na anajua kwamba mwiko unaachwa hapo hapo kwenye sufuria. Nilimkuta amechuchumaa chini ya meza ya televisheni. Kifuniko alikuwa amekichomoa, akakigeuza juu chini, akaingiza ile nguzo yake ndefu kwenye tundu la juu la soketi. Kifuniko kikasimama kichwa chini, nguzo zake mbili zikipita nje ya ukingo wa soketi, na matundu mawili ya chini yakabaki wazi mbele ya uso wake. Mkononi ana chelewa ya ufagio.

Swichi ya soketi ilikuwa imezimwa. Nje ya hiyo, hakukuwa na kinga nyingine.

Jioni nikamwita fundi umeme, kijana niliyemfundisha kidato cha pili. Akazima umeme wa nyumba nzima kwenye meni swichi, akarudisha kile kifuniko vile vile alivyokiweka mtoto, akamulika kwa tochi ya simu. "Mwalimu, chungulia." Nikachungulia, nikaona shaba inang'aa ndani. Akakichomoa. "Chungulia tena." Weupe mtupu, matundu yamejifunga. Akaniuliza: "Sasa Mwalimu, hiki kinafunga au kinafungua?" Nimefundisha mada ya umeme miaka 31, na nilisimama pale nikihangaika kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni bila kusoma.

Wewe na wataalamu wako hili mnalijua. Lakini barua hii ni ya wazi na watasoma wazazi, kwa hiyo nivumilie nieleze.

Soketi zetu hizi za matundu matatu ya mstatili tulizirithi kutoka Uingereza. Kiwango chake kinaitwa BS 1363, kilitoka mwaka 1947, na waliokiandika walimfikiria mtoto tangu mwanzo. Ndani ya soketi, nyuma ya matundu mawili ya chini, kuna vilango viwili vya plastiki, na mara nyingi kinachovisukuma vifunguke ni ile pini ya juu, ya waya wa ardhini ambao mafundi wanauita ethi. Ndiyo maana ya pini hiyo kuwa ndefu: ina milimita 22.7, wenzake wana 17.7. Inatangulia kuingia, vilango vinasogea, ndipo nyingine mbili zinapita. Mtoto akichokoa matundu ya chini kwa msumari, anagonga plastiki. Soketi ikiwa nzima na ya kiwango, haihitaji kufunikwa na chochote, kwa sababu mlango wake unajifunga wenyewe kila plagi inapotoka.

Basi vifuniko vimetoka wapi? Fikra yenyewe ina maana huko Marekani, ambako soketi za nyumbani zilikuwa wazi miaka mingi, tundu na shaba yake, hakuna kilango. Wao wenyewe tangu 2008 kanuni zao za umeme zinataka nyumba mpya ziwekewe soketi zenye vilango. Sisi ambao vilango tulikuwa navyo tumeletewa kifuniko chenye umbo la plagi, chenye nguzo ya juu inayofanya kazi ile ile ya pini ya ethi. Tumemkabidhi mtoto ufunguo, tena wa plastiki nyeupe inayovutia, kwenye urefu wa mkono wake. Uingereza, wenye soketi kama zetu, mwaka 2016 Wizara ya Afya ilitoa tahadhari kwamba vifuniko vya aina hii visitumike kwenye hospitali na vituo vya huduma, na vilivyopo viondolewe. Kwetu vinauzwa pamoja na chuchu za chupa na nepi.

Nilikuwa bado na kalipa yangu ya enzi za maabara, kile chombo cha kupimia unene. Kiwango kinataka pini ya juu iwe milimita 4 kwa 8, za chini 4 kwa 6.35. Nikapima vifuniko vyote sita, na kutoka pakiti hiyo hiyo moja sikupata hata viwili vinavyolingana, wala kimoja kinacholingana na plagi. Vilivyokuwa vyembamba, mjukuu wangu anavichomoa kwa vidole viwili huku anacheka. Vilivyokuwa vinene navihofia kwa jambo jingine: nguzo nene inapanua vibanio vya shaba vilivyomo ndani, na siku utakayochomeka pasi, plagi inacheza, inapata moto, soketi inababuka rangi ya kahawia. Ukiona ubabukaji huo nyumbani kwako usisingizie pasi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikose usingizi. Ile chelewa aliitoa wapi, na nani alimfundisha kwamba tundu la juu ndilo la kuanza nalo?

Ni sisi. Ndugu Mkurugenzi Mkuu, ingia nyumba yoyote ya Dodoma, au saluni, au kibanda cha kuchajisha simu stendi, uone mtu anavyochomeka chaja ya pini mbili za duara. Anachukua kalamu, au njiti, au chelewa, anaibana kwenye tundu la juu mpaka vilango vifunguke, kisha anaisukuma chaja kwa nguvu. Mzee wangu alikuwa anafanya hivyo kila usiku, na mjukuu amekaa mapajani pake anatazama. Mimi mwenye kalipa nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Nimewahi kumaliza kipindi cha usalama wa umeme, nikaenda ofisini, nikachaji simu kwa mrija wa kalamu nyekundu ya kusahihishia. Mtoto wa miaka miwili hajui hatari, anajua kuiga tu, na sisi tunamfundisha somo lile jioni hadi jioni.

Chaja hizo zimetengenezwa kwa ajili ya nchi zenye soketi za aina nyingine. Pini zake za duara zimeachana milimita 19, wakati matundu yetu yameachana zaidi ya 22, ndiyo maana zinaingia kwa kulazimisha na zinakaa zikiyumba. Hazina fyuzi ndani kama plagi yetu ya pini tatu. Na zinafika sokoni kwa maboksi, zikiwa na simu, redio, taa za kuchaji, mashine za kunyolea. Mwananchi akishalipa hela yake atafanyaje? Atatafuta kalamu.

Wafanyabiashara nao wameona shida wakaja na dawa yao: soketi na ekstensheni za matundu mchanganyiko, zinazokubali plagi ya kila nchi. Ukienda maduka ya vifaa vya umeme karibu na Soko la Majengo utazikuta zimepangwa mstari wa mbele, na ni rahisi. Nilinunua ekstensheni tatu za namna hiyo ili nizifungue. Mbili hazina kilango chochote, ni tundu pana na shaba chini yake, kidole kidogo cha mtoto kinaingia nusu. Ya tatu ina vilango, lakini ukisukuma kimoja kwa bisibisi kinafunguka peke yake. Na ekstensheni haikai ukutani. Inalala sakafuni, kwenye mkeka, mahali mtoto anapotambaa, juu yake ikimwagikiwa uji. Vile vifuniko hata kukaa humo havikai, vinaelea. Kwa hiyo pale ambapo mtoto yuko hatarini zaidi kifuniko hakisaidii, na pale alipokuwa salama kinamfungulia.

Jambo jingine ni la hapa kwetu Ugogoni, na naomba usilione dogo. Toka Mei mpaka Novemba hatuoni mvua. Ardhi inakauka mpaka inapasuka, na ile nondo ya ethi iliyozikwa pembeni ya nyumba inakuwa imesimama kwenye vumbi. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Waya ukivujisha umeme, kiasi kinachokwenda ardhini ni kidogo mno kuishtua saketi breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ya ampea 32. Na mwili wa mtoto hausubiri ampea 32: milliampea 30, yaani sehemu tatu za mia ya ampea moja, zinatosha kuanza kuuhatarisha moyo. Kuna kifaa kinachoitwa RCD, kinakaa kwenye boksi la meni swichi, kinapima umeme uliotoka na uliorudi, na tofauti ikifika milliampea hizo 30 kinakata kwa kufumba na kufumbua. Kwangu hakikuwepo, nyumba nimeijenga 2009 na sikuambiwa. Fundi ameshakifunga. Kina kitufe cha kujaribia, nakibonyeza kila mwanzo wa mwezi, na mzee wangu analalamika kwamba namkatia taarifa ya habari. Tangu serikali ihamie huku nyumba zinaota Iyumbu, Ihumwa, Nzuguni, Mkonze, kila wiki msingi mpya, na naogopa kufikiria ni ngapi zinajengwa na kifaa hicho kimerukwa ili hela iende kwenye jipsamu ya dari.

Ninachokuomba si kikubwa. Kwanza utamke. Shirika lako likisema redioni kwamba vifuniko hivi visichomekwe kwenye soketi ya matundu matatu yenye vilango, na walivyonavyo waviondoe, wazazi watasikia, kwa sababu wanaolea wanasikiliza kuliko mnavyodhani. Waambieni pia na wenye vituo vya kulelea watoto mchana, maana jirani yangu anayeendesha kituo alishauriwa na mkaguzi mmoja anunue vifuniko hivyo ili aonekane amejali usalama, akanunua ishirini. Kisha mvipime. Kama vipo vya umbo jingine visivyogusa tundu la juu, kwa mfano boksi linalofunika soketi nzima pamoja na plagi yake, tuambieni, tutanunua hivyo.

La pili ni chaja. Hapa ndipo ninapong'ang'ania, hata kama vifuniko mtavisahau. Kifaa kinachoingia nchini kikiwa na plagi ya pini mbili za duara kiingie na adapta yake ya pini tatu yenye fyuzi, au kisiingie. Mna wakaguzi wa shehena, mna alama yenu ya ubora ambayo sisi wanunuzi tunaitafuta kwenye kila boksi. Ekstensheni zisizo na vilango nazo zipitie mkononi mwenu kabla hazijafika Majengo. Nakala ya barua hii nampelekea Mkurugenzi Mkuu wa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa sababu ya mafundi wanaopewa leseni, ili lile suala la kifaa cha milliampea 30 alitazame yeye.

Najua wapo watakaosema bibi huyu anafanya makubwa, watoto wamekua na soketi miaka yote. Ni kweli wamekua. Mimi mwenyewe nimekulia Kondoa kwenye kibatari, soketi nimeiona nikiwa sekondari. Lakini mjukuu wangu ameshahesabu soketi zote za nyumba hii na anajua ipi iko nyuma ya kochi.

Adapta tumenunua tatu, shilingi elfu nne kila moja, na mzee wangu amekubali baada ya mgomo wa siku mbili. Kalamu zote tumezitoa sebuleni. Vifuniko sita nimevitia kwenye bahasha ya kaki, kila kimoja nimekiandikia vipimo vyake kwa wino, na Jumatatu nitavipeleka ofisi yenu ya Kanda ya Kati hapa Dodoma. Naomba mhudumu wa mapokezi aambiwe kwamba atakuja mama mmoja na bahasha, na kwamba huenda atakuwa na mtoto.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Nkuhungu, Dodoma

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, EWURA