Huku sina kibao

Marangu, Kilimanjaro
Desemba 28

Ndugu yangu Tomi,

Salamu nyingi sana zikufikie hapo ulipo chini ya simtanki. Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa pua yangu. Kalamu ameshika binti yetu mkubwa, maana vidole vyangu unavijua. Barua anamtumia rafiki yake hapo kwenu, naye ameahidi kukusomea jioni kabla hujafunguliwa. Sikiliza mpaka mwisho, usianze kutafuna karatasi.

Siku tulipoondoka nilikusikia unabweka mpaka gari linashika lami ya Bagamoyo. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimebanwa nyuma ya Noah, huku gunia la mchele, huku ndoo ya mafuta ya kupikia, na mtoto mdogo kanikalia mkia. Hawa Wachaga unawajua ikifika Desemba. Mwaka mzima hela hakuna, mwezi huu duka linafungwa, gari linapelekwa kwa fundi, na kila mtu anakwenda kuhesabiwa kwao. Miaka yote mimi nabaki. Safari hii mjomba aliyeachiwa nyumba anaogopa mbwa, ndiyo maana nikapata siti. Usije ukadhani ni mapenzi.

Kwanza walinipeleka kwa daktari wa mifugo. Wewe ulichanjwa ile Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mimi nikawa nimejificha chini ya gari. Safari hii hakukuwa na gari la kujifichia. Baba akauliza kwa nini kila mwaka pesa inatoka, mbwa mwenyewe hatoki getini. Daktari akamjibu huku ananishika shingo: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita, na katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa wanaodhaniwa kuwa na kichaa, wanne hivi ni watoto. Baba akamtazama yule mdogo, akatoa pesa. Sindano yenyewe si kitu. Kinachouma ni kushikwa shingo mbele ya paka wa watu.

Sasa nikueleze hii wanayoiita safari. Binadamu akisafiri anakaa. Anakaa masaa na masaa, anatazama nje, anasema “tumefika Msata”, “tumefika Mkata”, kisha anasinzia. Hajafika popote, kioo kimefungwa kwa sababu ya kiyoyozi! Mimi nilipigania kioo changu mpaka Mama akakishusha upana wa kiganja, na hapo ndipo safari yangu ilipoanza. Binti anasema amesoma kwamba pua ya mbwa inaweza kuwa na vipokezi vya harufu hadi milioni 300, na ya binadamu inaishia kwenye milioni 6 hivi. Nikamsikitikia. Kwa milioni 6 utajuaje kama umevuka Wami? Baba alipunguza mwendo darajani kuwaonyesha watoto lile daraja la zamani pale pembeni, jembamba, ambalo magari yalikuwa yanasubiriana kabla hili jipya halijaanza kutumika mwaka 2022. Watoto wakatazama vyuma. Mimi chini ya vile vyuma nikapata matope, samaki aliyeoza jana, na mnyama mkubwa sana wa majini ambaye sikutaka ajue jina langu.

Kabuku mtoto mdogo alitapika, na mimi nikamsindikiza. Hayo tuyaache.

Korogwe ndiyo nikuhadithie vizuri. Pale mashamba ya mkonge yamepangwa mistari mpaka macho yanachoka, na Baba kila akipita lazima atoe somo: mkonge si wa kwetu, ulikuja mwaka 1893, Mjerumani mmoja anaitwa Hindorf aliuagiza kutoka Florida, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Watoto walishaweka spika masikioni. Tomi, hakuna aliyesema neno kuhusu harufu! Wanapokamua majani yale kutoa nyuzi, makapi yanayobaki yanachacha juani, na upepo ukigeuka unakupata usoni, mchachu, mzito, wenye tabaka. Mama akasema “uuh, funga dirisha”. Ningekuwa na ruhusa ningeshuka nikajigaragaza humo mgongo wote, nikaingia Marangu nikiwa mtu wa maana.

Kitu kingine kinachonishinda ni hii mikrismasi. Njia nzima watoto wanapiga kelele, “Ona ile nyekundu! Ile pale imewaka!” Nikatazama. Mti. Maua ya rangi ya udongo mkavu. Binti ananiambia sisi mbwa tunaona bluu na njano, nyekundu kwetu haipo. Basi sawa, wabaki na nyekundu yao. Mimi kwenye mti ule ule nilimsoma dume mmoja aliyepita asubuhi, mgonjwa wa tumbo, anayekula ugali wa sembe.

Kati ya Mombo na Same joto lilinivua heshima. Wewe unajua hatutoi jasho mwilini, kazi yote ni ya ulimi, na mimi nilihema mpaka kioo cha nyuma kikaloa. Mama alikata chupa ya maji katikati akaniwekea. Hapo ndipo trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo akatusimamisha. Baba alikuwa kwenye hamsini yake, sina shaka, kwa sababu kila kibao cha hamsini alikuwa anakanyaga breki na mimi naenda kugonga gunia. Yule askari akazunguka gari, akaweka mkono kwenye kioo changu. Akasema, “Na huyu mzee wa nyuma, amefunga mkanda?”

Baba akacheka kile kicheko chake cha watu wa kodi.

Sasa fikiria mkono wa mgeni, umeingia ndani ya gari letu, sentimita chache kutoka kwenye meno yangu. Pale kwetu Tegeta mkono ule usingerudi na saa yake. Lakini nilinusa tu karanga na chaki, nikanyamaza, hata mkia nikautingisha kidogo. Nilijishangaa. Kilomita chache mbele, nikiwa nimelaza kidevu juu ya gunia, nikaelewa: kile kibao tumekiacha Dar.

Unakijua kibao chetu cha getini, MBWA MKALI, kwa herufi kubwa, na kichwa cha mbwa kimechorwa masikio yamesimama. Yule aliyechorwa si mimi. Ni Mjerumani mmoja ambaye sijawahi kumwona, na mimi mama yangu alikuwa mbwa wa sokoni Bunju. Lakini cheo ni cheo. Machinga wanasoma wanavuka barabara, bodaboda wanapiga honi kutoka mbali, hata mzee wa mtaani kwetu anayewahi msikitini alfajiri ananipa hatua tatu, nami nampa zangu tatu. Yeye ana sababu yake: ulimi wangu ukigusa kanzu itabidi ioshwe mara saba, moja kwa udongo, na maji ya bomba mtaani kwetu unayajua wewe mwenyewe. Tunaheshimiana vizuri tu. Ila kila mtu pale anajua kazi yangu, kuanzia saa nne usiku nikifunguliwa mpaka alfajiri nikirudishwa bandani. Mchana nalala, jioni dona na vichwa vya dagaa, siku Mama akipata nafasi ya kwenda buchani, miguu ya kuku. Nilidhani hayo ndiyo maisha ya mbwa, kwa wote.

Tulipopinda Njiapanda ya Himo kuanza kupanda, hewa ikabadilika ghafla. Baridi, majani mabichi, moshi wa kuni, kahawa, samadi ya ng'ombe. Tulifika giza limeingia. Bibi alitoka na taa, akawakumbatia watoto mmoja mmoja, akanimulika mimi.

“Na huyu?”

“Ni Simba, Bibi. Tumekuja naye.”

“Analala wapi?”

Mtoto mdogo akajibu, “Ndani, na mimi.” Bibi alicheka mpaka akashika mlango. Nililala nje, chini ya dari ya zizi, na ng'ombe akinipumulia kisogoni. Harufu nzuri, sikatai.

Asubuhi ndipo nilipomwona mwenyeji. Anaitwa Bobi, mbwa wa Babu, mwembamba, sikio moja limekatika ncha. Alikuja bila haraka, akaninusa nyuma na mbele, akapata habari zangu zote, chanjo, mchele, matapishi ya Kabuku, halafu akaenda kulala chini ya migomba. Nikabweka nimwonyeshe. Hakufungua hata jicho. Tomi, huku hakuna geti. Hakuna ukuta wenye vipande vya chupa, hakuna nyaya za umeme. Kihamba cha Babu, ambacho nacho alikikuta kwa baba yake, kina kahawa chini, migomba katikati, miti mirefu juu, na kinapoishia wamepanda masale, basi. Majani marefu membamba, ukiyatikisa yanaondoka na kurudi. Nikainua mguu nisaini. Bobi akanguruma kwa mara ya kwanza. Kumbe pale ni mpaka, na pembeni kidogo wamelala wazee wa ukoo, nao wana sale lao. Mtu akimkosea jirani yake huku, anachuma jani hilo hilo anakwenda nalo kuomba radhi. Nikashusha mguu. Mgomba upo.

Kwa hiyo kazi ya Bobi ni nini? Nimemfuata kutwa kuchunguza. Asubuhi anamsindikiza Bibi kukata majani ya ng'ombe, anatangulia, anasubiri kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, anakunywa, wanarudi Bibi ana mzigo kichwani. Mchana anazunguka anakotaka. Watu wanapita katikati ya kihamba, wanaamkia, Bobi hata kichwa hainui. Lakini juzi alipita kijana mmoja asiyemjua, Bobi akamfuata kimya kimya nyuma yake mpaka barabarani, hakubweka hata mara moja. Yule kijana alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Ile kazi mimi siiwezi. Mimi nimezoea kelele.

Na kelele zangu huku zimeniaibisha. Usiku wa kwanza kukatoka ukelele msituni, unaanza kwa kukwaruza, unapanda, unapanda, unaishia na mtu anayenyongwa. Nikabweka mpaka sauti ikakauka. Babu akafungua dirisha akasema maneno ya Kichaga ambayo binti anakataa kuyaandika. Asubuhi nikaambiwa ni perere, mnyama mdogo wa mtini ambaye ningemmeza mara mbili nikabaki na njaa. Sasa akianza nageuza tu sikio.

Nije kwenye Krismasi, maana najua ndiyo unayoisubiri. Mbuzi alichinjwa asubuhi watu wakiwa bado kanisani. Nikajisogeza nikijua damu ni haki ya mbwa. Hata tone, Tomi! Yote ilikwenda kwenye sufuria ya kisusio, supu yao ya damu, wanaume wakaizunguka na vikombe. Halafu nyama ikagawanywa, na kila kipande kina mwenyewe, cha Babu, cha Bibi, cha kaka mkubwa, cha shangazi, na anayekosea kugawa anaanzisha maneno ya mwaka mzima. Nilisimama karibu na Baba, maana ndiye bosi wangu. Bobi akaenda akalala mbali, miguuni pa mzee mmoja aliyekuja na fimbo, na mtungi wa mbege, pombe ya ndizi, ukawekwa kando yake. Nikamwona mjinga. Baada ya muda nikaelewa. Yule mzee hana meno. Kila mfupa anaopewa anaulamba kwa heshima, anautazama kwa huzuni, kisha mkono unashuka chini ya kiti.

Nimehamia kiti kile.

Watoto nao hawana hamu na nyumbani. Mdogo anatembea peku, kapanda mparachichi, simu imezima chaji na hajaulizia. Baba ndiye anayeniangalia kila jioni anasema, “Simba kanenepa, kazi hataki tena.” Nashindwa kumwambia kwamba sijaacha kazi, kazi ndiyo haikuja. Tukirudi nitabweka, usihofu, nitabweka zaidi ili nilipie. Ila saa nne usiku ikifika hapo Tegeta, ukinisikia nimenyamaza kidogo kabla ya kuanza, ujue namfikiria Bobi na yule kijana barabarani. Nataka nijaribu siku moja kumfuata mtu kimya kimya, nione kama anaacha kitu.

Tunashuka baada ya mwaka mpya, Baba anangoja foleni za Chalinze zipungue ingawa hatupiti Chalinze. Nina maombi mawili. La kwanza, nguzo ya umeme ya kona: yule mbwa wa gereji asije akasaini mara mbili mfululizo, ukiona amepita na wewe pita. La pili, mjomba akija kwenu kuomba chumvi usimtishe, mwili wote unamtetemeka na ni mwema.

Msalimie paka wa kwa mama Dula, mwambie narudi.

Ni mimi rafiki yako,
Simba

NB: Nimekuwekea mfupa wa goti. Upo chini ya tairi la akiba. Mama ameanza kunusa gari na kuuliza watu, lakini kwa ile milioni 6 yake hawezi kuupata.