Barua kwa Mama Neema: dirisha lako la Krismasi

Nairobi

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Ujumbe wako kuhusu shindano la kupamba madirisha ya Krismasi umenifurahisha sana: wapambaji kadhaa, kila mmoja na dirisha lake katika duka moja kubwa, bajeti sawa, usiku mmoja wa kupanga. Wewe ni hodari wa kupamba nyumba, na kwa sababu hiyo hasa nimeona nikuandikie mapema. Wapambaji wa nyumba huangushwa dirishani na mazoea yao wenyewe. Sebule hupambwa kwa ajili ya mtu atakayekaa humo, ageuze shingo, aguse mto, agundue kitu kidogo kwenye kona. Dirishani hakai mtu. Anayelitazama yuko nje, ana mzigo mkononi, anawahi matatu, na sekunde zake ni chache. Anza na huyo kila unapoamua jambo.

Kabla ya kuchora chochote, nenda na tepu ya kupimia. Chukua upana, kimo na kina cha dirisha, kisha upime vitu viwili ambavyo wengi husahau. Kwanza ni kilango cha kuingilia dirishani kutoka ndani ya duka. Mara nyingi ni chembamba, sentimita 60 au 70, na fremu nzuri ya upana wa mita moja itabaki nje yake saa nne usiku fundi akiwa ameshaondoka. Kila kitu kitengenezwe kwa vipande vinavyopita hapo, viungwe kwa skrubu ndani. Pili ni kimo cha sakafu ya dirisha kutoka njia ya waendao kwa miguu. Tuseme imeinuka sentimita 40. Sanamu ya nguo iliyosimama ina karibu sentimita 180, kwa hiyo kichwa chake kitakuwa sentimita 220 kutoka chini, na mpita njia ataona kidevu na mapaja. Jicho la mtu mzima liko kati ya sentimita 150 na 160. Kitu unachotaka kionekane kwanza kiwe hapo au chini kidogo, ukipima kutoka njiani, usipime kutoka sakafu ya dirisha. Ukihitaji sanamu, iketishe.

Tengeneza kielelezo cha kadibodi kwa kipimo cha 1 kwa 10, ukitazame kutoka pembeni kushoto na kulia. Watu hawaji wakielekea kioo uso kwa uso. Wanakuja kwa mshazari, na kilicho nyuma ya nguzo hawatakiona mpaka wamekipita.

Sasa mawazo mawili uliyonitumia: theluji ya pamba na safari ya kwenda ushago. Theluji ya pamba iache. Inashika vumbi, inashika moto upesi, na kila duka mjini litakuwa nayo. Lile la safari ya kwenda ushago lishike kwa mikono miwili, kwa kuwa Desemba mji mzima unafunga mizigo, na bidhaa mlizopewa, mashuka na vyombo vya meza, ni zawadi ambazo watu hupeleka nyumbani. Mtu akipita ataweza kusema kwa sentensi moja alichokiona, na hiyo ndiyo mizani ya wazo la dirisha.

Nunua masanduku matano ya bati kwa mafundi wa Kamukunji. Matatu yabebane, la juu likiwa wazi, na mawili yakae pembeni, chini zaidi, ili jicho lipande kama ngazi. Yakiwa na kimo cha sentimita 30 kila moja, mdomo wa sanduku la juu utakuwa sentimita 130 kutoka njiani, na mashuka na vikombe vinavyochomoza vitafika 150. Usitegemee uzito wake kuyashikilia. Sanduku la chini liwe na kilo 20 za mchanga katika mifuko iliyoshonwa vizuri. Ya juu yaunganishe kwa bolti za milimita 8, nne kwa kila kiungo, na ndani uweke kipande cha plaiwudi chini ya washa, kile kipete bapa cha bolti. Bati ni jembamba. Bolti peke yake italipasua pale mtu atakapoegemea akifuta kioo. Ndani ya sanduku la wazi jaza katoni tupu, bidhaa zikae sentimita 15 za juu tu. Usilitie seti nzima ya mashuka. Vikombe vifunge kwenye vishikio vyake kwa mshipi wa kuvulia samaki, kimoja kwa kingine, na mwisho wa mshipi ushikwe na skrubu ya pete.

Kwa chochote kinachoning'inia, pima uzito wake kwenye mizani ya jikoni. Kitu cha kilo 2 kipate mishipi miwili, kila mmoja ukiwa umeandikwa kubeba kilo 10 au zaidi, maana fundo hupunguza nguvu ya mshipi sana. Nailoni pia hurefuka ikibeba mzigo. Ning'iniza mapema, uache saa kadhaa, kisha urekebishe urefu. Usipofanya hivyo mstari ulionyooka usiku utakuwa umepinda asubuhi. Usibandike kitu kwa gundi ya moto wala seloteipu ya pande mbili mahali jua linapofika. Dirisha lililofungwa hupata joto jingi, gundi inalegea, kitu kinaanguka adhuhuri duka likiwa limejaa.

Jua lenyewe ulisome. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, na Desemba jua la mchana huelemea kusini, juu sana, hivyo dirisha la kusini lenye paa la kivuli litapona. Linaloelekea mashariki litapigwa asubuhi, la magharibi jioni, jua likiwa chini na kuingia mpaka ukutani. Adui mkubwa wa mchana ni kioo kugeuka kioo cha kujitazamia. Ukuta wa nyuma ukiwa mweusi au bluu nzito, mpita njia ataona magari na uso wake mwenyewe. Paka rangi hafifu, ya maji, isiyong'aa. Rangi ya mafuta hutoa mvuke unaotia ukungu kwenye kioo, na itamulika kila taa. Kama ni lazima kuipaka, ipakwe karakana, siku tatu kabla.

Kwenye taa usibane matumizi. Chukua taa ndogo za LED za kumulika, wati 7 hadi 10, mwanga wa 3000K, yaani mweupe wenye umanjano kidogo, na uangalie pakiti inasema CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi, ya 90 au zaidi. Ukienda kununua Luthuli Avenue beba kipande cha kitambaa chekundu. Taa dhaifu itakifanya kionekane cha kahawia palepale dukani. Sanduku la wazi lipate mwanga mara tatu hadi tano ya ukuta wa nyuma. Taa zielekeze kutoka juu kwa nyuzi 30 hivi kutoka mstari wa wima, na moja ya pembeni ili bati lisirudishe mwanga machoni pa watu. Waya wa umeme wa kurefushia, ule unaoviringishwa, ukunjue wote, maana ukiwa umeviringishwa hupata moto. Plagi za taa hizi ziwe na fyuzi ya 3A, na transfoma isifunikwe na kitambaa. Muulize meneja kama saketi ya madirisha iko kwenye jenereta, kwa sababu stima ikipotea saa moja jioni mbele ya waamuzi hakuna atakayeona kazi yako. Giza letu huingia karibu saa kumi na mbili na nusu, saa ile ile watu wanapotoka kazini. Hiyo ndiyo saa yako bora. Gordon Selfridge alipofungua duka lake London mwaka 1909, aliyaacha madirisha yakiwaka hata duka likiwa limefungwa.

Andikianeni na duka nani ana ruhusa ya kugusa dirisha. Mwaka 1939 mchoraji Salvador Dalí alipamba madirisha ya Bonwit Teller huko New York, duka likabadilisha kazi yake bila kumwuliza. Akaingia dirishani kwa hasira, beseni la kuogea likasukumwa, likapasua kioo na kutokea barabarani, naye akakamatwa. Na kitu chochote nje ya kioo usikiweke bila kibali. Hiyo njia ni ya kaunti.

Usiku wa kupanga, fuata mpangilio huu: kioo cha nje, ukuta, vya kuning'inia, masanduku, bidhaa, taa, na mwisho kioo cha ndani na sakafu, ukirudi kinyumenyume kuelekea kilangoni. Vaa soksi safi na glavu za pamba, kwa sababu alama za vidole kwenye bati jipya huonekana vibaya chini ya taa. Mashuka yapigwe pasi ya mvuke humo humo, mikunjo ya pakiti haijifichi. Wakati wa kuelekeza taa mtu asimame ng'ambo ya barabara na simu, akuongoze. Bila yeye utaelekeza taa kwa macho ya aliye ndani.

Kibandiko cha bei kimoja, kidogo, kisomeke kutoka hatua mbili.

Shindano likiendelea, pita kila baada ya siku mbili kabla duka halijafunguliwa. Vumbi hukaa kwanza juu ya vifuniko vya masanduku na kwenye mashuka meupe, mishipi hulegea, na wauzaji hutoa kikombe dirishani kumpa mteja wakaacha pengo. Acha vikombe sita na shuka moja la akiba kwa meneja, na maelezo mafupi ya mahali pa kila kimoja.

Nitumie vipimo vya kilango na picha ya dirisha likiwa tupu, mchana na usiku, kabla hujampa seremala pesa.

Rafiki yako,
wa Ngara