Betri Huugua Mombasa, Hufia Limuru

Gari linaondoka Mombasa likiwa zima, linapanda kilomita 480 hadi Nairobi bila kukohoa, linalala Limuru au Nyahururu, na saa kumi na mbili asubuhi limegoma. Mwenyewe hulaumu baridi. Kweli baridi ina mkono wake, lakini mara nyingi gari limetoka na ugonjwa huku huku Pwani.

Kinachoua betri ni joto. Joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi, betri ya asidi huchakaa kwa kasi karibu maradufu: maji yanakauka na vyuma vya ndani vinaliwa. Kaa kwenye foleni ya Changamwe saa nane mchana na betri inaokwa chini ya boneti. Hapa hutajua, kwa sababu injini iliyolala kwenye nyuzi 23 haidai nguvu nyingi kuamka. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi za kipupwe huko zinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Oili inakuwa nzito, staata (mota inayozungusha injini ili iwake) inadai umeme zaidi, na betri wakati huo huo inatoa kidogo. Iliyobaki na nusu ya nguvu zake huumbuka hapo.

Kabla ya kushika spana, sikiliza. Staata ikizunguka kwa uchovu, au ikilia tik-tik-tik mfululizo, shuku betri na nyaya zake. Mlio mmoja mzito kisha kimya, mara nyingi ni staata yenyewe: kaboni zake za ndani zimeisha au solenoidi, swichi yake ya sumaku, imechoka. Ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini injini haishiki, acha betri, nenda kwenye mafuta na moto wa plagi.

Betri hupimwa gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 ni chaji kamili, 12.2 ni kama nusu. Lakini namba hiyo peke yake hudanganya. Mwambie mtu apige staata huku ukitazama mita ya umeme: ikianguka chini ya volti 9.6 na betri ilikuwa na chaji, betri imekwisha hata kama taa zinawaka vizuri. Injini ikishashika, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo oltaneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, haichaji sawasawa, na betri mpya utaiua vile vile.

Usinunue betri kabla ya kupima waya wa ardhi, ule unaotoka upande hasi wa betri. Hewa yetu ya chumvi inautafuna pale unapofungwa kwenye injini na bodi, mahali ambapo hakuna anayetazama. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha piga staata. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, umeme unapotea njiani. Fungua, piga msasa, funga tena. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi kidogo. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa, magadi yasiingie ndani. Kisha kausha na upake grisi. Angalia pia saizi: gari lililotengenezewa betri ya NS60 likiwekewa NS40, iliyo ndogo zaidi, kwa kuwa bei yake ni nafuu, Mombasa litawaka miaka, bara litakuaibisha.

Oili nayo. 20W-50 imezoeleka sana huku, lakini ile 20 kabla ya W ndiyo inayoonyesha uzito wake kwenye baridi. Kama kitabu cha gari kinaruhusu 5W-30 au 10W-30, badilisha kabla ya safari.

Kwenye dizeli, kama Hiace na pikapu, tazama plagi za hita, zile zinazopasha moto injini kabla ya kuwaka. Mbili kati ya nne zikiungua, Mombasa gari linashika tu. Juu kule hewa ni baridi na nyepesi, mgandamizo hautoi joto la kutosha, na unaona moshi mweupe: ni dizeli isiyoungua. Chomoa waya wa kila plagi, upime kati ya ncha yake na injini. Nzima husoma omu chache au chini ya moja. Mita isipoonyesha njia yoyote, imekufa. Zote zikiwa nzima na umeme haufiki, tafuta rilei, swichi inayozipelekea umeme. Na tafadhali, usipulizie etha (dawa ya kuwashia injini) kwenye injini yenye plagi za hita. Hulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni.

Petroli ina kosa lake la Kimombasa: kung'oa thamostati, kizibo kinachozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, ili injini isichemke. Bara injini hiyo haifikii joto lake, kompyuta ya injini inaendelea kumwaga petroli nyingi, plagi zinajaa masizi, na asubuhi haishiki. Rudisha thamostati, na tatizo la kuchemka litibiwe kwenye rejeta au feni. Sensa ya joto la maji nayo ikiharibika hudanganya kompyuta. Kwenye Toyota nyingi iliyo nzima husoma kiloomu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na kama omu 300 kwenye nyuzi 80.

Ukikwama huko juu, zima taa na redio, piga staata sekunde 10 tu, kisha ipumzishe dakika moja. Ukiazima betri ya jirani, unganisha chanya kwa chanya, na waya hasi wa mwisho uubane kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri, kwa kuwa gesi yake hushika cheche.

Ukitaka tukupimie kabla ya safari, liache gari kwenye gereji yetu jioni tulipime asubuhi kabla halijawashwa. Betri iliyotoka barabarani husoma vizuri hata ikiwa mgonjwa.