Shukrani kwa mzee wa koti la kijani

Shikamoo mzee. Jina lako hatukulipata, na kila tuliyemuuliza pale msibani anakumbuka koti tu, la kijani, limepauka mabegani. Tunaandika tukitumaini mjukuu wako atakusomea.

Baba alikwenda Kagera mwaka 1978 akiwa mgambo, akarudi baada ya Kampala kuanguka, akashika jembe lake. Kwa hiyo siku ya kumzika hapa Muheza hatukutarajia gwaride wala tarumbeta. Ulishuka kwenye bodaboda jeneza likiwa limeshatolewa ndani. Ukaomba nafasi, ukafunga vifungo vya koti kimoja kimoja (kile cha juu kilikusumbua, mkono ukitetemeka), ukampa mwanangu fimbo, ukasimama wima na kupiga saluti. Hata watoto walinyamaza.

Halafu ukatusimulia mlivyovuka mto pale Kyaka kwa daraja la muda, lile la zamani likiwa limevunjwa na majeshi ya Amin, na jinsi baba alivyobeba mzigo wako juu ya wake kwa sababu ulikuwa na homa. Miaka yote hiyo hakutuambia! Tukimuuliza habari za vita, alisema kulikuwa na matope mengi, basi.

Uliondoka kabla ya chakula. Sahani yako mama aliifunika mpaka jioni. Na fimbo umeisahau kwetu, mzee. Mwanangu hataki mtu aiguse. Asante sana. Karibu kwenye arobaini, uje uichukue.