Harambee ya Daftari za Maporomoko: Tuandike Wazee Wangali Nasi

Ndugu, jamaa na marafiki, amani ya Mungu iwe nanyi.

Tunaona haya kuwabishia hodi tena, maana mlishatoa, na mlitoa vizuri. Kinasa sauti tunachotumia ni chenu. Lakini paa la stoo limevuja, na sanduku la daftari za maporomoko, tunamoandika masimulizi ya wazee kuhusu mlima kumeguka na tope kushuka bondeni, limelowa. Kurasa zimegandamana. Wino umetapakaa, na palipoandikwa mwaka na jina la korongo pamebaki doa la buluu. Kwenye ukurasa mmoja majina ya marehemu yanasomeka, tarehe haipo. Na baadhi ya wazee waliotusimulia wameshatangulia mbele za haki. Hatuna wa kumuuliza tena.

Wapo wanaosema, ya nini kufukua misiba ya zamani? Tuwaambie habari za mji wa Yungay, nchini Peru. Mwaka 1962 barafu na mawe viliporomoka kutoka Mlima Huascarán vikaangamiza Ranrahirca, jirani yake. Yungay ikasalimika, kwa kuwa kulikuwa na kigongo cha mlima katikati. Tarehe 31 Mei 1970 tetemeko likaangusha mzigo mkubwa zaidi. Safari hii ukaruka kile kigongo na kuufukia mji, na maelfu wakapotea. Kwa hiyo kukumbuka tukio moja hakutoshi, tena kunaweza kumpa mtu matumaini ya uongo. Yanatakiwa yote, ya mababu pamoja na yale madogo yaliyoziba njia tu yakasahaulika.

Hapa karibu, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, kaskazini mwa Tanzania, hadi mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Baada ya msiba kama ule, swali linalofuata ni moja: mlima huu umewahi kufanya hivi? Anayeweza kujibu ni mwenye daftari.

Ndiyo maana vijana wetu humuuliza mzee mambo madogo madogo: mvua ilinyesha siku ngapi kabla, mlima ulimeguka wapi, tope likakomea wapi, ni jiwe gani kubwa lililofika bondeni. Kisha huenda naye mpaka mahali penyewe, wakapaweka kwenye ramani. Hata mti ni shahidi: uliogongwa na jiwe hubaki na kovu, na penye majira yanayotofautiana sana, pete za shina huweza kuonyesha mwaka wa jeraha. Matukio mengi yakikusanyika, wataalamu hukadiria yanarudi kila baada ya muda gani na yanafika wapi. Hapo ndipo tutajua shule isijengwe wapi.

Tunachoomba ni mabati ya stoo, kabati la chuma, nauli ya vijana kwenda kwa wazee wa juu kabisa mlimani, na gharama za kupiga picha kila ukurasa ili nakala zihifadhiwe mahali pengine. Kila mchango utapewa stakabadhi, na mweka hazina atasoma hesabu mbele ya wote. Asiye na fedha alete bati, au amlete babu yake asimulie. Mungu atamlipa.

Wale walioahidi katika harambee iliyopita na bado hawajatimiza, orodha iko kwa mweka hazina. Hatutaisoma hadharani. Tunawaomba tu mtangulie kufika kabla ya mvua zijazo.